Uchaguzi wa Bunduki ya Magnum kwa Uwindaji wa Wanyama Wakubwa: Sheria, Kaliba na Umbali

Kata ya Nyamuswa, katika Halmashauri ya Wilaya ya Bunda mkoani Mara, ipo kaskazini mwa ukanda wa magharibi wa Serengeti. Kati ya vijiji vya eneo hilo la Waikizu na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti yapo Mapori ya Akiba ya Ikorongo na Grumeti, yaliyotangazwa mwaka 1994. Sehemu kubwa ya mpaka kati ya mashamba na mapori hayo haina uzio. Tembo na nyati huvuka kwenda na kurudi kwa kufuata maji, malisho na mazao ya wananchi.

Kwa jamii iliyo katika mazingira hayo, suala la bunduki ipi inafaa kwa uwindaji wa wanyama wakubwa haliishii kwa mwindaji mwenye leseni. Nyati aliyepigwa risasi asife hujificha kichakani, na anayekutana naye kesho yake huenda akawa mchungaji, mama anayetafuta kuni au mtoto anayekwenda shule. Kwa sababu hiyo, kanuni zinazoelekeza aina ya silaha, ukubwa wa risasi na namna ya kuwinda zinalinda usalama wa watu sawasawa na zinavyolinda wanyamapori.

Makala haya yanaeleza mambo ya msingi ya kisheria na kiufundi yanayozingatiwa katika kuchagua bunduki ya magnum inayokokiwa kwa mkono, mipaka ya matumizi yake kwa umbali mrefu, na wajibu wa mwananchi anayeishi jirani na maeneo yaliyohifadhiwa.

Msingi wa kisheria

Uwindaji nchini unaongozwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 pamoja na kanuni zake. Umiliki wa silaha unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi Na. 2 ya mwaka 2015. Sheria hizi mbili husomwa pamoja. Leseni ya kumiliki bunduki haimpi mtu haki ya kuwinda, na leseni ya kuwinda haimpi mtu haki ya kumiliki bunduki.

Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), iliyoanzishwa mwaka 2014, ndiyo yenye dhamana ya kusimamia wanyamapori nje ya Hifadhi za Taifa na Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, ikiwa ni pamoja na vitalu vya uwindaji. Ndani ya Hifadhi ya Taifa hakuna uwindaji. Katika kitalu cha uwindaji, idadi na aina ya wanyama wanaoweza kuwindwa hupangwa kwa mgawo, na mgeni anayewinda huongozwa na mwindaji bingwa mwenye leseni na kusimamiwa na askari wa wanyamapori.

Kuhusu silaha, mambo matatu ni ya lazima kufahamika. Kwanza, silaha za kujiendesha zenyewe, ziwe za kumimina risasi mfululizo au za kujipakia kila baada ya mlio, haziruhusiwi katika uwindaji. Pili, wanyama hatari kama vile tembo, nyati, simba na kiboko huwindwa kwa bunduki yenye kaliba isiyopungua .375, ilhali wanyama wengine huwindwa kwa kaliba isiyopungua .240. Tatu, ni kosa kuwinda usiku, kuwinda kwa kutumia taa, au kumpiga mnyama kutoka ndani ya gari au mwindaji akiwa chini ya mita 200 kutoka kwenye gari.

Takwimu hizo za kaliba ni vipimo vya inchi. Kaliba ya .240 ni takriban milimita 6.1, na .375 ni takriban milimita 9.5. Ni kiwango cha chini kabisa kinachokubalika. Mwindaji anaruhusiwa kutumia risasi kubwa zaidi, lakini haruhusiwi kushuka chini ya hapo hata kama ana shabaha nzuri kiasi gani.

Maana ya neno magnum

Neno magnum lina asili ya Kilatini na maana yake ni kubwa. Watengenezaji wa silaha wa Uingereza walilichukua kutoka katika biashara ya mvinyo, ambako liliitaja chupa yenye ujazo mkubwa kuliko ya kawaida. Kwa risasi, magnum humaanisha ganda lenye nafasi ya baruti nyingi kuliko risasi nyingine za kipenyo hicho hicho. Baruti hiyo ya ziada huongeza kasi, na kasi huongeza nguvu ya pigo.

Kwa hiyo, si kila magnum ni risasi ya wanyama hatari. Risasi ya .300 Winchester Magnum, iliyotolewa mwaka 1963, ina kichwa cha takriban gramu 11.7 kinachotoka mtutuni kwa kasi inayokaribia mita 900 kwa sekunde. Nguvu yake mtutuni ni takriban jouli 4,700, ikilinganishwa na takriban jouli 3,900 za risasi ya .30-06 isiyo magnum na yenye kichwa cha uzito uleule. Ni risasi ya kasi, inayofaa kwa swala wakubwa wa mbugani. Pamoja na jina lake kubwa, kaliba yake haifiki kiwango cha chini cha kuwinda nyati au tembo.

Vivyo hivyo, si kila risasi ya wanyama hatari huitwa magnum. Idara za wanyamapori za Tanganyika na Kenya enzi za ukoloni zilitumia bunduki za .404 Jeffery katika kudhibiti tembo waliovamia mashamba. Risasi hiyo haina neno magnum katika jina lake, lakini ilifanya kazi hiyo kwa miongo mingi.

Sababu za kuchagua bunduki ya bolti

Bunduki ya bolti ni ile ambayo mpigaji huikoki kwa mkono, kwa kuinua mkono wa komeo, kulivuta nyuma ili ganda tupu litoke, kisha kulisukuma mbele ili risasi mpya iingie chemba. Muundo ulioenea zaidi duniani unatokana na bunduki ya Kijerumani ya Mauser ya mwaka 1898.

Faida ya kwanza ya muundo huo ni uimara. Komeo hujifunga kwa meno mazito ya chuma, hivyo hustahimili shinikizo kubwa la risasi za magnum. Faida ya pili ni urahisi wa kusafisha na kukagua katika mazingira ya vumbi na unyevu. Faida ya tatu ni kwamba bunduki ya bolti haiwezi kupiga mara ya pili mpaka mpigaji akoki tena kwa makusudi, jambo linalokubaliana na sheria inayokataza silaha za kujipakia.

Kwa wanyama hatari, wawindaji bingwa wengi hupendelea komeo lenye kucha inayolidaka ganda mara tu risasi inapotoka kwenye magazini, na kuishikilia hadi inapoingia chemba. Katika miundo mingine, komeo husukuma risasi ikiwa huru na kuikamata mwishoni tu. Miundo yote miwili hufanya kazi, lakini ule wa kucha hupunguza uwezekano wa risasi mbili kukwama pale mtu anapokoki kwa haraka akiwa na hofu, na nyati yu mbele yake.

Bunduki ya mitutu miwili nayo hutumiwa na baadhi ya wawindaji bingwa, kwa kuwa hutoa risasi ya pili papo hapo bila kukoki. Hata hivyo, bei yake ni kubwa, hubeba risasi mbili tu, na shabaha yake hupungua upesi umbali unapoongezeka. Kwa sehemu kubwa ya wawindaji, bunduki ya bolti ndiyo inayowiana na mahitaji na uwezo.

Kaliba kwa kila kundi la wanyama

Kwa wanyama wa mbugani kama vile nyamera, kongoni, nyumbu na pundamilia, kaliba za kati kama .30-06, .300 H&H Magnum ya mwaka 1925 na .300 Winchester Magnum hutosha. Pofu ni swala mkubwa kuliko wote, na dume lake linaweza kuzidi kilo 700, kwake.338 Winchester Magnum ya mwaka 1958 au .375 hufaa zaidi.

Kwa nyati, simba, kiboko na tembo, chaguo la kuanzia ni .375 H&H Magnum, iliyotolewa na kampuni ya Holland & Holland ya London mwaka 1912. Kichwa chake cha kawaida kina uzito wa gramu 19.4, kasi ya takriban mita 770 kwa sekunde na nguvu ya takriban jouli 5,700. Sifa yake kubwa ni kwamba bunduki moja inaweza kutumika kihalali kwa wanyama wote walio kwenye leseni, kuanzia swala hadi tembo, na risasi zake zimeenea kuliko za kaliba nyingine za kundi hilo.

Juu ya hapo zipo .416 Rigby ya mwaka 1911, yenye kichwa cha gramu 25.9 na nguvu ya takriban jouli 6,700, na .458 Winchester Magnum ya mwaka 1956, yenye kichwa cha gramu 32.4 na nguvu inayozidi jouli 6,000. Hizi ni bunduki za kazi ya karibu, na ndizo hubebwa zaidi na wawindaji bingwa wenye wajibu wa kumzuia mnyama anayeshambulia.

Hapa kuna tahadhari. Bunduki kubwa hupiga bega kwa nguvu. Teke la .375 linakaribia mara mbili ya lile la .30-06, na la .458 ni kubwa zaidi. Mpigaji anayeogopa bunduki yake hufumba macho na kuvuta kifyatulio kwa kushtuka, na risasi huenda kombo. Ni salama zaidi kwa mwindaji kubeba .375 anayoimudu kuliko .458 anayoiogopa. Bunduki ya .375 yenye uzito wa takriban kilo 4 hadi 4.5 ikiwa na darubini hubebeka kutwa nzima, na uzito huo husaidia kupunguza teke.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Mskoti W. D. M. Bell aliwinda tembo zaidi ya 1,000 katika Karamoja, nchini Uganda, na maeneo mengine ya Afrika, wengi wao kwa risasi ndogo ya milimita 7. Habari zake hutajwa mara kwa mara kama ushahidi kwamba kaliba si kitu. Ukweli ni kwamba Bell aliufahamu mwili wa tembo kwa kiwango ambacho wawindaji wachache wamekifikia, naye aliishi wakati ambao tembo waliojeruhiwa hawakuhesabiwa na mtu. Sheria ya leo imeweka kaliba ya chini kwa ajili ya wawindaji wa kawaida, siku zao za kawaida na makosa yao ya kawaida.

Umbali mrefu na mipaka yake

Bunduki za magnum zenye kasi, zikifungwa darubini zenye kukuza sana, zimeeneza dhana kwamba mnyama anaweza kupigwa kutoka mbali sana. Kitaalamu, risasi inaweza kufika. Swali ni kama itafika mahali panapostahili.

Bunduki ya .300 Winchester Magnum iliyorekebishwa ipige sawasawa kwa mita 200 itashusha risasi kwa takriban sentimita 20 kwa mita 300, na zaidi ya nusu mita kwa mita 400. Kwa umbali huo wa mita 400, risasi itakuwa imebakiza takriban nusu ya nguvu iliyotoka nayo mtutuni, na itachukua karibu nusu sekunde kufika. Katika nusu sekunde hiyo mnyama anaweza kupiga hatua moja, na risasi iliyolenga moyo ikaingia tumboni. Upepo wa mbugani, ambao hubadilika kati ya mpigaji na mnyama, huongeza kosa hilo.

Kwa wanyama wa mbugani, umbali wa mita 150 hadi 250 unatosha kwa mwindaji aliyefanya mazoezi na mwenye kitu cha kuegemeza bunduki. Kwa nyati, desturi ya wawindaji makini ni kusogea hadi chini ya mita 100, na kwa tembo karibu zaidi. Sababu yake ni ya wazi. Risasi ya kwanza inapaswa kuua. Na isipoua, mwindaji anapaswa kuona ilipoingia na kuweza kupiga ya pili mara moja. Aliye umbali wa mita 400 hana uwezo huo. Atakapofika alipokuwa amesimama mnyama, atakuta matone ya damu yakielekea kichakani.

Kwa hiyo, bunduki ya magnum ya masafa marefu ina nafasi yake katika uwindaji wa swala wa mbugani, kwa kiasi. Kwa wanyama hatari, hakuna kaliba inayochukua nafasi ya kunyatia na kukaribia.

Darubini, risasi na mazoezi

Darubini ya bunduki ya wanyama hatari inapaswa kuwa na ukuzaji mdogo, kwa mfano kuanzia mara 1 hadi 4, ili mpigaji aone eneo pana na kumpata mnyama haraka. Jicho likae mbali na kioo kwa takriban sentimita 9 au zaidi, la sivyo teke la bunduki litaipeleka darubini kwenye paji la uso. Ni vema pia bunduki iwe na vilengeo vya chuma vinavyoweza kutumika darubini ikiharibika. Kwa wanyama wa mbugani, ukuzaji wa mara 3 hadi 9 unatosha.

Aina ya risasi ni muhimu kama kaliba yenyewe. Risasi ya ncha laini hutanuka inapoingia mwilini na hufaa kwa swala, simba na kwa pigo la kwanza la nyati. Risasi ngumu isiyotanuka hupenya mfupa mzito na hutumika kwa tembo, kwa kiboko, na kwa mapigo yanayofuata ya nyati. Bunduki ijaribiwe na kurekebishwa kwa risasi zilezile zitakazotumika porini, katika uwanja wa shabaha ulioidhinishwa, na tena baada ya safari ndefu, kwa kuwa mtikisiko wa barabara unaweza kuihamisha darubini.

Gharama ya mnyama aliyejeruhiwa

Mwindaji aliyemjeruhi mnyama ana wajibu wa kisheria wa kufanya kila juhudi kummaliza, na kutoa taarifa bila kuchelewa iwapo ameshindwa. Haruhusiwi kumfuata kwa hiari yake ndani ya Hifadhi ya Taifa. Katika uwindaji wa kitalii, mnyama aliyejeruhiwa na kupotea huhesabiwa katika leseni kama aliyeuawa, na ada yake hulipwa.

Gharama nyingine haimo katika stakabadhi. Katika maeneo kama Nyamuswa, Hunyari na Mugeta, mnyama mwenye maumivu huacha kundi, husogea penye maji na kivuli, na mara nyingi maji hayo ndiyo wanayotumia watu na mifugo. Mwindaji aliyempiga kutoka mbali ataondoka na gari lake. Wakazi ndio watakaobaki na nyati huyo.

Hali ni hiyo hiyo, au mbaya zaidi, kwa mnyama aliyepigwa kwa gobori au bunduki ya marisau na mtu asiye na kibali. Silaha hizo hazina uwezo wa kumuua tembo au nyati kwa uhakika. Humwongezea ukali, na humweka mpigaji mwenyewe katika hatari ya mnyama na ya mkono wa sheria.

Mambo ya kuzingatia kwa mwananchi

Mwananchi anayetaka kumiliki bunduki kihalali huanzia kwenye serikali ya kijiji au mtaa wake. Maombi hupitia ngazi za kata na wilaya, zikiwemo Kamati za Ulinzi na Usalama na Mkuu wa Polisi wa Wilaya, kabla ya kufikishwa kwa Msajili wa Silaha katika Jeshi la Polisi. Mwombaji anapaswa kuwa na umri usiopungua miaka 25, kuwa na afya ya akili, kuelewa matumizi salama ya silaha na kuwa na mahali salama pa kuihifadhi. Bunduki na risasi zihifadhiwe zikiwa zimefungiwa, na bunduki isiazimishwe mtu mwingine.

Tembo au nyati anapoingia shambani au kijijini, hatua sahihi ni kukaa mbali naye, kuwaondoa watoto na mifugo, na kutoa taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji, Afisa Wanyamapori wa Wilaya au kituo cha askari wa wanyamapori kilicho karibu. Askari wa wanyamapori wamepewa mafunzo na silaha za kaliba inayostahili kazi hiyo. Pale mtu anapolazimika kumuua mnyama ili kuokoa uhai, sheria inalitambua hilo, lakini inamtaka atoe taarifa mara moja. Nyama, ngozi na meno ya mnyama huyo ni mali ya Serikali.

Wananchi walioharibiwa mazao, waliojeruhiwa au waliofiwa kutokana na wanyama hatari wanaweza kuomba kifuta jasho au kifuta machozi kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2011. Taarifa itolewe mapema ili maafisa wafanye tathmini wakati ushahidi, zikiwemo nyayo na mazao yaliyoharibiwa, ungali unaonekana. Vilevile, mwananchi anayeona mnyama anayechechemea au anayevuja damu, au anayesikia milio ya risasi nyakati za usiku karibu na mpaka wa pori, anahimizwa kutoa taarifa hiyo bila kusubiri madhara yatokee.